Kupanua chumba cha darini kwenye nyumba ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari ana chumba chini ya paa, alikijenga mwenyewe au alikikuta, na sasa kimekuwa kidogo. Kama juu ya dari yako bado kuna vumbi na mabox tu, utapata ya kukufaa humu, ila si wewe niliyekuwa namfikiria. Ninachokirudia karibu kila jibu ni hiki: kinachokupa shida ni kazi ya aliyekutangulia kuliko sehemu mpya unayoongeza.

## Kabla ya kugusa chochote

Kuna tofauti gani kati ya kupanua chumba cha darini na kujenga kipya?

Anayejenga kipya anaiona mifupa ya paa yote. Boriti zipo wazi, miimo ipo wazi, akipiga tochi anaona mpaka ukingoni. Wewe unakuta kuta zimeshapigwa bodi za jipsamu, sakafu imeshafunikwa, na nyuma yake kuna maamuzi ya fundi usiyemjua. Huenda alikata mbao fulani akaweka nyingine badala yake. Huenda alikata tu.

Tofauti ya pili ni uzito. Mzigo wa chumba cha kwanza tayari umeshushwa kwenye kuta za chini, na sehemu mpya itaongezwa juu ya hesabu hiyo. Haianzi kwenye sifuri.

Nitajuaje kama chumba nilichonacho kilijengwa sawasawa?

Anza na gololi. Iweke katikati ya sakafu, kisha karibu na kila ukuta, uangalie inaelekea wapi. Sakafu ya nyumba ya zamani kuinama kidogo si ajabu, ila gololi zikikimbilia sehemu ileile kutoka pande zote, hapo katikati pana boriti iliyolemewa. Baada ya hapo vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta na upime umeshuka kiasi gani.

Shuka chumba cha chini yake uangalie dari. Nyufa nyembamba zinazofuata maungio ya bodi ni za kawaida. Ufa unaokatiza bodi zenyewe, au mlango ambao zamani ulifunga vizuri na sasa unasugua juu, una habari ya kukupa.

Toka nje, simama mbali, uangalie mgongo wa paa. Ukiwa umebonyea katikati, au ukingo wa ukuta wa juu umesukumwa nje, mapao (mbao za mshazari zinazobeba vigae) yanatanuka kama miguu ya ngazi iliyokatwa kamba. Mara nyingi sababu ni mbao ya mlalo iliyoyafunga ambayo mtu aliiondoa ili apate kimo.

Mwisho, na hili halikwepeki, fungua. Toa ubao mmoja wa sakafu karibu na ukuta na bodi moja kwenye kijikuta kifupi cha pembeni, kile kilicho chini ya mteremko wa paa. Katika nyumba niliyokuwa nikikaa, nilifungua shimo la ukubwa wa kitabu nikaona kichwa cha boriti ya sakafu kimekalia vipande vitatu vya ubao vilivyopangwa kama karata, na chini yake kiambaza (ukuta mwepesi wa kugawa) cha kabati la chumba cha chini. Si ukuta wa nyumba, ni kiambaza cha kabati. Chumba hicho kilikuwa kimelaliwa miaka mingi. Shimo lile lilichukua nusu saa kuliziba, na bila lenyewe tungelijenga bafu juu ya kabati.

Sina mchoro wowote wa kazi ya kwanza. Ni tatizo?

Ni hali ya kawaida. Tatizo ni kuchora kazi mpya kana kwamba unajua ya zamani ilivyo. Ulizia ofisi inayotoa vibali vya ujenzi kama wana jalada la nyumba yako, muulize aliyekuuzia, kisha pima mwenyewe: kina na upana wa kila boriti, nafasi kati yake, na kila moja inaanzia na kuishia wapi. Karatasi moja yenye vipimo hivyo inamsaidia mhandisi kuliko picha mia za simu.

Nianze na nani: fundi, mchoraji ramani au mhandisi?

Mhandisi wa majengo. Najua wengi huanza na fundi kwa kuwa fundi anakuja kesho na anakutajia bei papo hapo. Ila bei iliyotajwa kabla ya kufungua sakafu ni ya kubahatisha, na itapanda siku atakayokuta alichokuwa hajakiona, wakati paa lako limeshatobolewa na huna la kusema.

Kazi ya kwanza haikuwa na kibali. Nikiomba cha upanuzi nitajifichua?

Ndiyo, na ni afadhali ijulikane sasa. Sehemu nyingi zina njia ya kuhalalisha kazi ya zamani baada ya ukaguzi, na ukaguzi huo unadai mashimo yaleyale niliyoyasema juu. Ukiyafanya yote mawili kwa pamoja unafungua mara moja na kuziba mara moja. Ukificha, suala litaibuka siku ya kuuza nyumba au siku ya kudai bima.

## Mbao, chuma na uzito

Sakafu iliyopo inabeba kiasi gani?

Inategemea ilikusudiwa kuwa nini. Boriti za dari tupu, zilizowekwa kushikilia plasta ya chumba cha chini tu, huhesabiwa kwa mzigo wa kilo 25 hadi 50 hivi kwa mita ya mraba. Chumba cha kulala huhesabiwa kwa 150 hadi 200. Kwa hiyo fundi aliyepigilia mbao juu ya boriti za dari akaita sakafu, amekuazima mara tatu hadi nane ya uwezo uliokusudiwa.

Haimaanishi itaanguka usiku huu. Mbao za nyumba za zamani mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, ni nzito na ngumu, na waliojenga hawakuzibana kwa hesabu. Ndiyo maana vyumba vingi vya namna hii vimesimama. Lakini ile akiba ya nguvu imeshaliwa na chumba cha kwanza, na wewe ndiye unayekuja kuomba tena.

Kwa nini sakafu inatikisika nikitembea, na nikiongeza mbao pembeni itatulia?

Ugumu wa boriti hutegemea kina chake kuliko upana. Ukiongeza upana mara mbili, yaani ukibandika boriti nyingine ya kimo kilekile ubavuni, ugumu unaongezeka mara mbili. Ukiongeza kina mara mbili unaongezeka mara nane. Boriti ya milimita 200 ni ngumu mara nane kuliko ya 100 yenye upana uleule.

Urefu nao hula vikali zaidi. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, boriti iliyorefushwa mara mbili inabonyea mara kumi na sita. Hapa ndipo upanuzi mwingi unapoharibikia: mtu anaondoa kiambaza cha chini bila kujua kilikuwa kinaikata safari ya boriti katikati.

Kipimo kinachotumika sana ni kwamba boriti isibonyee zaidi ya urefu wake ugawanywe kwa 360. Kwa mita nne hiyo ni milimita 11. Kubandika pembeni kunasaidia sakafu inayotikisika kidogo. Ikiwa imezidiwa kabisa, zinatakiwa boriti mpya zenye kina, zilazwe kati ya za zamani bila kuzigusa, zibebe sakafu peke yake. Za zamani zibaki na plasta yao.

Nikiunganisha sakafu mpya na ya zamani, kwa nini panatokea kidaraja baada ya miezi?

Kwa sababu mbao mpya hunywea. Ya zamani ilishakauka kabla hujazaliwa. Boriti ya mbao laini yenye kimo cha milimita 200 ikitoka unyevu wa asilimia 20 hadi 12 inapungua kimo kwa kama milimita 4. Nunua mbao zilizokaushwa, ziache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuzifunga, na usimalizie maungio ya sakafu mpaka mwisho kabisa wa kazi.

Naweza kuondoa vijikuta vifupi vya pembeni ili nipate nafasi mpaka ukingoni?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni: fungua kimoja kwanza. Baadhi ya vijikuta hivyo ni pazia tu, mbao nyembamba na bodi. Vingine vinabeba paa.

Katika paa la zamani lililojengwa kwa mkono, mapao ni marefu kuliko nguvu zake, hivyo katikati yake kunalazwa mwamba (boriti ya mlalo) unaoyapokea, na mwamba huo hushikiliwa na miimo inayoshuka kwenye kuta za ndani. Fundi wa kwanza akitaka nafasi huondoa miimo hiyo na kuweka kijikuta mahali pake, kibebe mapao na kuupeleka mzigo kwenye sakafu. Ukikiondoa bila mbadala, mapao yanabaki na safari ndefu bila mtu wa kuyapokea.

Dalili za kijikuta kinachobeba: mbao zake ni nene, vichwa vyake vimebana kwenye mapao kiasi kwamba kisu hakipiti, na mguuni pake sakafu imebonyea kidogo. Niliwahi kuona fundi akikata mbao moja tu "ili aone". Msumeno ulipofika kama theluthi mbili mbao iliubana ukakwama. Mbao inayobana msumeno namna hiyo inabeba mzigo, na kwa bahati yeye aliielewa, akaacha hapohapo na kwenda kutafuta nguzo za kuegemeza.

Paa langu limejengwa kwa kenchi za kiwandani, zile zenye vibati vyenye meno. Inawezekana?

Kenchi hizo zilienea katika nusu ya pili ya karne ya 20, kwa hiyo ukizikuta kwenye nyumba ya zamani, paa lilishabadilishwa. Kila kijiti ndani ya kenchi kinafanya kazi. Ukikata kimoja umeiua kenchi nzima. Inawezekana, ila hesabu ni ya upya kabisa, na mhandisi ndiye anayesema kipi kikatwe, lini, na baada ya kitu gani kuwekwa.

Boriti ya chuma itaingiaje, na itakaa wapi?

Huingia kwa vipande viwili au vitatu vinavyofungwa kwa bolti, au nzima kwa winchi kupitia tundu la paa. Kuingia si kazi. Kazi ni pa kukalia.

Kuta za zamani mara nyingi zimejengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko saruji, na kichwa cha chuma kikikaa juu ya tofali moja kitalisaga. Hutengenezwa kitako cha zege au jiwe gumu kinachosambaza mzigo. Pia chunguza kama ndani ya ukuta huo hapapiti njia ya moshi. Ukuta unaouona mnene unaweza kuwa na uwazi wa dohani na ganda la tofali moja tu kila upande. Gonga kwa nyundo, usikilize.

## Nafasi na kimo

Nipanue kuelekea wapi?

Njia ni nne, na gharama na usumbufu hupanda kwa mpangilio huu: kuingia ukingoni nyuma ya vijikuta, kuongeza doma, yaani kibanda chenye dirisha kinachochomoza kwenye mteremko wa paa, kunyanyua mteremko wa pembeni ukawa ukuta wima, na kuinua paa lote. Ya nne ni kujenga ghorofa.

Mimi hupenda doma ya upande wa nyuma. Kuingia ukingoni kunaonekana rahisi, ila pima kabla hujafurahi. Kwenye paa la digrii 45, ukisogea mita moja kuelekea ukingoni unapoteza mita moja ya kimo. Kwenye la digrii 30 unapoteza sentimita 58 tu, lakini paa hilo lilikuwa fupi tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya eneo unalopata ni ya kuwekea masanduku.

Kama tayari kuna doma ndogo na unataka kuipanua, jua kwamba mapao ya pande zake mbili yaliongezwa nguvu kubeba yale yaliyokatwa. Ukisogeza ubavu wa doma, hayo ndiyo unayoyakata.

Kimo gani kinatosha?

Mita 2.2 hadi 2.3 mahali pa kusimama ni raha. Mita 2 ni ya kuvumilia. Pima kutoka juu ya sakafu iliyomalizika hadi chini ya dari iliyomalizika. Boriti za kina kipya, ubao, matandiko ya kuzuia joto na bodi vinaweza kumeza sentimita 25 hadi 30 bila wewe kuona.

Ngazi yangu ni nyembamba, ya kubanana, inatosha kwa vyumba viwili?

Haitoshi. Ngazi iliyobanwa ilivumilika kwa chumba kimoja cha wageni. Watu wawili wakilala juu kila siku, itakuwa njia yao ya kutokea usiku penye moshi. Unahitaji mita 2 za wazi juu ya kila kidato, na hilo mara nyingi ndilo linaloamua doma ikae wapi. Chora ngazi kwanza, vyumba vifuate.

## Joto, unyevu na moto

Kwa nini mchana ni tanuri na usiku ni baridi, na upanuzi utasaidia?

Kwa sababu kati yako na vigae kuna kitu chembamba mno, au kimejaa mapengo. Matandiko yenye mapengo hufanya kazi vibaya kuliko membamba yaliyobana. Ukiwa umefungua upande mmoja wa paa kwa ajili ya kazi mpya, fungua na wa zamani uuhami vilevile. La sivyo utakuwa na vyumba viwili vyenye hali mbili za hewa. Ukutani mwa jua la mchana, kivuli nje ya dirisha la paani kinafaa kuliko pazia la ndani, kwani joto likishavuka kioo limeshaingia.

Kuna madoa meusi kwenye kona za dari. Ni paa linavuja?

Angalia yanakuja lini. Yakitokea baada ya mvua, ni paa, na hasa pale vigae vinapokutana na dohani au ubavu wa doma. Yakitokea majira ya baridi bila mvua, ni pumzi zenu. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 12. Kona ambayo matandiko hayakufika inafikia hapo kirahisi.

Dawa ni kuzuia mvuke upande wa ndani kwa karatasi isiyopitisha, iliyounganishwa bila mapengo, na kuacha uwazi wa hewa, milimita 50 kwa desturi, kati ya matandiko na karatasi ya chini ya vigae ikiwa ni ile nzito ya zamani isiyopumua. Wapanuzi wengi huuziba uwazi huo kwa kusukumiza matandiko mazito zaidi. Mapao huoza kimyakimya.

Moto: kinachobadilika ni nini nikiongeza chumba?

Kila kitu. Kutoka juu hivyo dirisha si njia ya kutokea. Ngazi inabaki njia pekee, hivyo milango inayoifungukia iwe ya kuzuia moto kwa nusu saa na ijifunge yenyewe. Ving'ora vya moshi viwepo kila ghorofa, viunganishwe, kimoja kikilia vyote vilie. Cha jikoni kikilia peke yake, aliyelala darini hasikii.

Makabati ya nyuma ya vijikuta ni njia ya siri ya moto kutoka chumba hadi chumba. Yazibwe kati ya chumba na chumba. Na nyaya za zamani zenye ngozi ya mpira uliokauka, ukizikunja zikamomonyoka, zitolewe zote. Hata nzima zikifunikwa na matandiko hupata joto zaidi.

## Visa vya pembeni

Nataka bafu huko juu.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Beseni la kuogea lenye lita 150, mtu ndani yake na beseni lenyewe vinafika kilo 300 kwenye eneo la mita ya mraba na nusu hivi. Linganisha na jibu la mzigo wa sakafu. Bafu la manyunyu ni jepesi, na mimi ndilo ninaloshauri.

Ugumu halisi ni bomba la choo. Lina upana wa milimita 100 hivi na linahitaji mteremko, na halipiti kukatiza boriti. Lipite sambamba nazo. Fundi bomba anayekuja na msumeno mkononi mwoneshe mlango.

Dohani haitumiki. Niiondoe darini nipate nafasi?

Uliza kwanza kama chini bado ipo. Kisa cha hatari ni kinyume: mtu wa zamani aliondoa dohani ya chumba cha chini, akaacha tani moja au zaidi ya matofali inaning'inia darini. Ukiona dohani juu yako lakini chumba cha chini ukuta ni laini, simamisha kazi mpaka mhandisi aone kinachoibeba.

Jirani tunatumia ukuta mmoja.

Mwambie mapema, piga picha za kuta zake pamoja naye kabla ya kazi, kila mmoja abaki na nakala. Kanuni za ukuta wa pamoja hutofautiana, picha hazibishaniwi.

Nimekuta popo.

Usiwafukuze. Katika nchi nyingi wanalindwa kisheria, na kazi huweza kusimama msimu mzima. Ulizia mamlaka ya wanyamapori kabla ya kupanga tarehe.

Nimekuta chembechembe za kijivu zinazong'aa, au bati la kijivu gumu.

Usifagie, usitoboe. Bati hilo laweza kuwa la asbesto (madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu), ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, ila imejaa kwenye nyumba za kabla ya hapo. Chembe zinazong'aa huenda ni vemikulaiti, madini mepesi yaliyomwagwa darini kuzuia joto. Iliyochimbwa Libby, Montana, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1990, ilikuwa na asbesto ndani yake. Funga mlango, peleka kipande maabara kwa mtu mwenye ujuzi wa kukichukua.

Tunaweza kukaa ndani kazi ikiendelea?

Wiki za mwanzo ndiyo, zikiwa za jukwaa na nje. Siku sakafu ya zamani inapounganishwa na mpya, na siku za paa wazi, hamieni kwingine. Turubai moja haitoshi. Dai paa la muda juu ya jukwaa. Vumbi la chokaa ya zamani litakuwa ndani ya kabati la nguo mwezi mzima baadaye.

Lini nisipanue kabisa?

Kuta za chini zikiwa zinaendelea kupasuka, si nyufa za zamani zilizotulia. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa, uangalie baada ya miezi sita kama umeipita. Pia ukikuta, baada ya kufungua, kwamba kurekebisha chumba cha kwanza kunakula zaidi ya nusu ya bajeti. Hapo rekebisha hicho, ukae nacho mwaka mmoja kikiwa imara, kisha upime upya kama bado hakitoshi.